Jinsi ya Kupanga Likizo ya Familia na Watoto, Hatua kwa Hatua

Maswali ya wazazi wanaosafiri na watoto kwa mara ya kwanza ni yale yale. Tukae siku ngapi? Mtoto wa mwaka mmoja apande ndege? Tubebe nini, tuache nini? Akitapika njiani je? Nimeona niyajibu yote kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia mezani nyumbani hadi siku mnaporudi.

Kabla ya hatua zenyewe, shika jambo moja, maana mengine yote yanaliegemea: likizo ya familia hupangwa kwa saa za mtoto aliye mdogo kuliko wote. Saa anazolala, anazokula, anazohitaji choo. Hizo ndizo nguzo, na matembezi yanapachikwa katikati yake. Wazazi wengi hutanguliza orodha ya vivutio, kisha mtoto anabanwa humo kama nguo ya mwisho kwenye begi lililojaa.

Sisi tulifanya hivyo safari yetu ya kwanza. Siku ya pili tulipanga mambo manne. La tatu lilikuwa jumba la makumbusho, saa nane mchana, saa ambayo binti yetu wa miaka mitatu huwa usingizini. Alikaa chini pale mlangoni, akavua kiatu kimoja, akakikumbatia kifuani na kukataa kukivaa. Tiketi tulishakata. Baada ya nusu saa ya kubembeleza, baba yake alimbeba, na alilala begani kabla hawajamaliza ngazi. Jioni nilimuuliza siku ile alipenda nini. Akajibu: sisimizi. Asubuhi alikuwa ameona msafara wa sisimizi ukutani, wamebeba kipande cha mkate, nasi tukamvuta mkono kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Jibu lile lilinigusa sana. Tangu hapo tunapanga kwa namna nyingine, na ndiyo ninayokueleza hapa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kalenda yenye tarehe za shule kufunga na kufungua, na siku za likizo za kila mzazi kazini.
- Kiasi cha fedha mnachoweza kutumia bila kukopa. Andika tarakimu kamili, usibaki na makadirio ya kichwani.
- Hati za kila mmoja: vyeti vya kuzaliwa, pasipoti kama mnavuka mpaka, kadi za chanjo, kadi za bima.
- Uzito wa kila mtoto kwa kilo, uliopimwa karibuni. Dozi za dawa nyingi za watoto hufuata uzito, na kiti cha mtoto cha gari pia huchaguliwa kwa uzito na urefu.
- Daftari na kalamu.
- Nusu saa ya familia yote kukaa pamoja, simu zikiwa chumba kingine.

Hatua zenyewe

1. Andika siku halisi ya mtoto wako

Kwa siku tatu, andika saa anayoamka, anayokula, anayolala mchana na muda anaolala, saa anayoanza kulialia bila sababu, na saa anayolala usiku. Andika yanayotokea kweli, hata kama si yale unayotamani yatokee. Mwishoni utaona mfano kama huu: anaamka saa kumi na mbili asubuhi, yuko na furaha hadi saa nne, anadai kitu cha kutafuna, anaanza kuchoka saa sita, analala saa saba hadi saa tisa, kisha ana saa mbili nzuri jioni.

Hapo umeshapata ratiba ya likizo. Mtoto huyu ana dirisha moja kubwa asubuhi na dirisha dogo jioni. Ukiwa na watoto wa umri tofauti, fuata mdogo kwa mapumziko, na wakubwa kwa kuchagua cha kufanya.

2. Gawa fedha kabla ya kuchagua mahali

Ukianza na mahali, moyo ukishapapenda utalazimisha fedha zitoshe. Anza na fedha. Zigawe mafungu matano: usafiri, malazi, chakula, viingilio na matembezi, na dharura. Fungu la dharura lisipungue sehemu moja ya kumi ya fedha zote, na lisiguswe kwa kununua zawadi.

Uliza nauli na viingilio vya watoto kwa umri, kwa sababu kila mahali pana mpaka wake. Kwenye ndege, mashirika mengi huruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 apakatwe kwa nauli iliyopunguzwa sana, na akishatimiza miaka 2 anahitaji kiti chake. Wazazi wengi hukosea hapa: mtoto anatimiza miaka 2 wakiwa likizoni, na siku ya kurudi wanaambiwa walipe kiti. Angalia umri atakaokuwa nao siku ya kurudi.

3. Chagua mahali na idadi ya siku

Kipimo ninachotumia ni hiki: kila nusu siku ya safari ilipwe kwa siku mbili kamili za kukaa. Mkisafiri siku nzima kwenda, msikae chini ya siku nne. Kwenda mbali kwa siku mbili ni kuwachosha watoto na kuwarudisha wakiwa wamechoka zaidi.

Kaeni sehemu moja. Kuhama malazi kila siku mbili huwapendeza watu wazima wanaotaka kuona mengi, lakini kwa mtoto kila chumba kipya ni usiku mwingine wa kuzoea giza jipya na sauti mpya. Kama lazima mhame, hameni mara moja tu.

Mtoto wa miaka mitatu na kuendelea ashirikishwe, lakini usimuulize swali lisilo na ukingo. Ukimuuliza "unataka twende wapi?" atataja mahali pasipowezekana, na utaanza safari kwa kumkatalia. Mpe chaguo mbili ambazo zote umeshazikubali: ziwa au msitu, treni au basi. Akichagua, umekuwa mpango wake pia.

Kuhusu malazi, piga simu na uulize haya kabla ya kulipa:

- Chumba kiko ghorofa ya ngapi, na je, kina roshani? Nafasi kati ya nondo za roshani ikoje?
- Kama kuna bwawa, limezungushiwa uzio wenye mlango unaojifunga?
- Kuna jokofu na mahali pa kupasha chakula?
- Hospitali au zahanati iliyo karibu ni mwendo wa dakika ngapi?
- Usiku kuna kelele? Taja kwamba una watoto, utajibiwa kwa ukweli zaidi.

Picha hazionyeshi haya. Picha zinaonyesha mito ya kitandani na maua.

4. Shughulikia hati na afya mapema

Kwa safari ya nje ya nchi anza miezi mitatu kabla. Toa pasipoti zote na usome tarehe ya kuisha ya kila moja. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na angalau miezi 6 zaidi, na katika nchi nyingi pasipoti ya mtoto hudumu muda mfupi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo ya kwako kuwa hai si dalili kwamba yake iko hai.

Kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja, au na bibi, shangazi au mjomba, andaa barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo na uibebe pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Maofisa wa mpakani huuliza, na huuliza kwa sababu nzuri: wanalinda watoto wasitoroshwe. Baadhi ya nchi hutaka barua hiyo igongwe muhuri wa wakili, hivyo uliza ubalozi wa nchi unayokwenda.

Mwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Chanjo ya homa ya manjano, pale inapotakiwa, hutolewa kwa kawaida kuanzia umri wa miezi 9, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Ukichanjwa siku tatu kabla ya kuondoka, umechelewa. Kama mnakwenda eneo lenye malaria, muulize daktari dawa za kinga zinazofaa umri na uzito wa mtoto, kwani nyingine huanzwa kabla ya safari na huendelezwa baada ya kurudi. Akina mama wajawazito nao wamwambie daktari mapema, kwani malaria kwao ni hatari zaidi.

Piga picha hati zote, ziweke kwenye simu za wazazi wote wawili, na toa nakala za karatasi zikae begi tofauti na hati zenyewe.

5. Panga siku: jambo kubwa moja tu

Hapa ndipo likizo inapoharibika au kupona, kwa hiyo soma polepole.

Kila siku iwe na jambo kubwa moja. Moja. Liwekwe kwenye lile dirisha la asubuhi uliloliona daftarini. Mchana uwe wa kurudi mlikofikia, kula, kulala au kukaa kimya. Jioni iwe ya kitu chepesi kisichohitaji tiketi: kutembea ufukweni, kucheza uwanjani, kutazama boti zikiingia. Siku ya mtoto niliyemtaja hatua ya kwanza itakuwa hivi:

- Saa moja asubuhi: kifungua kinywa, bila haraka.
- Saa mbili na nusu hadi saa tano na nusu: jambo kubwa la siku, pamoja na kitu cha kutafuna saa nne.
- Saa sita: chakula cha mchana karibu na malazi.
- Saa saba hadi saa tisa: usingizi. Wakubwa wanasoma, wanacheza karata, wanachora.
- Saa kumi hadi saa kumi na mbili: matembezi mepesi.
- Saa moja usiku: chakula, kuoga, hadithi, kitandani.

Muda wa kila jambo uliokadiria, uongeze nusu yake. Kama mtu mzima anatembea kwa dakika 20, andika dakika 30. Mtoto atasimama kuangalia jiwe, na jiwe hilo ni sehemu ya likizo yake.

Kila siku ya tatu iache wazi kabisa. Wazazi huona hiyo ni fedha inayopotea, lakini hiyo ndiyo siku ambayo watoto hurudia mahali walipopapenda, na mtoto hupenda kurudia kuliko kuona kipya. Ukisikia "twende tena kule kwa jana", nenda.

Andika pia mpango wa mvua kwa kila siku, japo mstari mmoja. Na wazazi gawaneni: kila mmoja apate angalau nusu siku yake peke yake wakati mwenzake yuko na watoto. Mzazi asiyepumzika anakuwa mkali, na watoto huona.

6. Fungasha kwa kupunguza

Tandaza kila kitu kitandani siku mbili kabla. Ondoa robo. Nguo zinafulika.

Begi la mkononi, ambalo halitenganishwi nanyi, ndilo la muhimu. Liwe na:

- Nguo za kubadili za kila mtoto na shati moja la mzazi anayempakata. Mtoto akitapika hajichafui peke yake, na kila mtu husahau shati la mzazi.
- Nepi za muda wa safari, na za saa nyingine sita za kuchelewa.
- Vitambaa vya maji, mifuko ya plastiki mitano, taulo dogo.
- Chakula kikavu ambacho mtoto amekizoea. Safarini si mahali pa kujaribisha chakula kipya.
- Dawa zote mnazotumia kila siku, zikiwa kwenye paketi zake.
- Kile kitu kimoja asichoweza kulala bila hicho, kama ni kitambaa, mwanasesere au kipande cha kanga. Kipige picha. Kikipotea, utakuwa na cha kuwaonyesha watu.

Mfuko wa dawa uwe na kipimajoto, parasetamo ya watoto na bomba lake la kupimia, paketi za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, plasta, dawa ya kusafishia vidonda na kibano cha kutolea miiba. Aspirini usimpe mtoto, kwani imehusishwa na ugonjwa hatari wa ubongo na ini kwa watoto wenye mafua au tetekuwanga.

Kama mnapanda ndege, viwanja vingi havikubali vimiminika zaidi ya mililita 100 kwa chupa, lakini maziwa ya mtoto na dawa zake huruhusiwa kwa kiasi cha safari. Vitoe na uviseme kabla hujaulizwa. Betri za akiba za simu hukaa begi la mkononi, hazipakiwi kwenye mizigo ya chini.

Mtoto wa miaka minne anaweza kubeba begi lake dogo la mgongoni lenye vitu vitatu alivyochagua. Lisizidi uzito anaoweza kuubeba akikimbia, la sivyo utalibeba wewe.

Onyo: viatu vipya visivaliwe kwa mara ya kwanza safarini. Lengelenge kwenye kisigino cha mtoto linafuta siku mbili za likizo.

7. Siku ya safari

*Kwa gari.* Kila mtoto afungwe kwenye kiti kinachofaa uzito na urefu wake, hata kama safari ni fupi, hata kama analia. Mtoto mchanga na mdogo hukaa akitazama nyuma kwa muda mrefu kadiri kiti kinavyoruhusu, na kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Watoto wa chini ya miaka 13 wakae kiti cha nyuma. Kama mtakodi gari, agiza kiti cha mtoto siku mnayolipa, na ukifika kikague mwenyewe: mikanda isiwe imechanika, kitikiswe uone kama kimeshika.

Simameni kila baada ya saa mbili. Dakika 15 za kukimbia nje hununua saa moja ya utulivu ndani.

Kichefuchefu cha njiani huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Husababishwa na macho na masikio kupeleka ubongoni habari zinazopingana: sikio linasema tunakwenda, jicho lililo kwenye kitabu linasema tumetulia. Kwa hiyo ondoa vitabu na simu, mwambie atazame mbali mbele, fungua dirisha kidogo, mpe chakula chepesi kabla ya kuondoka. Tumbo tupu na tumbo lililojaa sana yote mawili ni mabaya.

Usimwache mtoto ndani ya gari, hata dakika moja ya kununua maji. Gari lililosimama juani joto lake hupanda nyuzi 10 hivi za selsiasi kwa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima.

*Kwa ndege.* Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka. Ndege huanza kushuka nusu saa hivi kabla ya kutua, na huo ndio wakati wa kumnyonyesha mtoto, kumpa chupa, au kumpa mkubwa maji anywe kwa funda dogodogo. Kama amelala, mwamshe. Najua inauma kumwamsha, lakini akiamshwa na maumivu ni vibaya zaidi.

*Kwa basi au treni.* Chukua viti vya katikati vilivyo mbali na mlango, mkubwa akae upande wa njia na mtoto dirishani. Mpeleke chooni kila mnaposimama, hata akisema hana haja.

Usimpe mtoto dawa ya usingizi ili atulie njiani. Baadhi ya watoto dawa hizo huwachangamsha badala ya kuwalaza, na kwa wadogo zinaweza kuleta shida ya kupumua.

8. Saa ya kwanza mkifika

Msitoke. Kabla ya kufungua mabegi, mzazi mmoja apige magoti na azunguke chumba chote kwa kimo cha mtoto. Nimefanya hivi kila safari, na kila mara nimeokota kitu: kidonge kilichoachwa chini ya kitanda na mgeni aliyepita, kamba ya pazia iliyofungwa kitanzi, soketi iliyolegea nyuma ya meza. Sogeza kiti au kitanda kilicho chini ya dirisha. Gusa maji ya moto kwa mkono wako uone ni ya moto kiasi gani. Jaribu mlango wa roshani kama unafungika.

Kisha waonyeshe watoto choo, taa ya usiku, na kitanda cha wazazi kiko wapi. Kuleni kitu. Waandikie namba yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka, na kila asubuhi wapige picha kabla ya kutoka. Mtoto akipotea, hutalazimika kukumbuka alivaa rangi gani.

9. Maji, jua na mbu

Kuzama hakuna kelele. Mtoto anayezama kwa kawaida hapigi mayowe wala hapungi mkono. Huzama kimya, kwa dakika chache, na mara nyingi watu wazima wapo pale pale wakizungumza. Kwa mtoto asiyejua kuogelea, mtu mzima akae majini naye, umbali wa kumfikia kwa mkono. Mkiwa watu wazima wengi ndipo hatari inapoongezeka, kwa kuwa kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Pangeni zamu za dakika 15, na kupokezana kuwe kwa mdomo: "Sasa ni wewe." "Sawa, ni mimi." Aliye zamu hashiki simu. Maboya ya mikononi ni ya kuchezea, hayamwokoi mtu. Kwenye boti ni jaketi la kuokolea linalomkaa sawasawa.

Jua huwa kali zaidi saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, sababu nyingine ya kurudi ndani mchana. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini. Wakubwa wavae kofia pana na wapakwe krimu ya kukinga jua ya kiwango cha SPF 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa mbili na kila wanapotoka majini.

Kwenye mbu, chandarua kilichochomekwa chini ya godoro ndicho kinga ya kwanza. Dawa ya kupaka usimpake mtoto wa chini ya miezi 2, na kwa wakubwa usipake viganjani, maana viganja huishia mdomoni na machoni.

Mambo yakienda kombo

Mtoto hapati usingizi. Fuata mpangilio ule ule wa nyumbani, kwa mfuatano ule ule: kuoga, nguo za kulalia, hadithi, taa. Shuka lake la nyumbani ambalo halijafuliwa husaidia, lina harufu anayoijua. Mkiwa mmevuka kanda za saa, mwili huzoea kwa takriban kanda moja kwa siku. Mtoe nje asubuhi apate mwanga, na usiruhusu usingizi wa mchana uende hadi jioni.

Hataki kula. Siku mbili tatu za kula kidogo hazimdhuru mtoto mwenye afya, mradi anakunywa. Mpe alichozoea, weka kipya pembeni, usimlazimishe.

Anaharisha au anatapika. Mpe maji ya chumvichumvi kidogo kidogo, kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Ukikosa paketi, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, hivyo pima, usikadirie. Maji usiyoyaamini yachemshe yatokote dakika moja, na kwenye milima mirefu dakika tatu. Nenda hospitali mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita au zaidi, au amelegea na haamki vizuri.

Ana homa. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali bila kusubiri, hata kama ni usiku.

Mtoto haonekani. Angalia kwenye maji kwanza: bwawa, ufukwe, mto, hata beseni kubwa. Hapo ndipo dakika zina uzito zaidi. Mtu mmoja abaki mlipokuwa, mwingine atafute huku akiita jina kwa sauti na kutaja nguo alizovaa. Usione haya kupaza sauti. Wafundishe watoto mapema: ukipotea, simama, usitembee, mwombe mama aliye na watoto au mfanyakazi mwenye sare.

Ndugu wanagombana kila saa. Mara nyingi ni njaa, uchovu au kukaa pamoja kupita kiasi. Walishe kwanza. Kisha watenganishe: mzazi mmoja na huyu, mwingine na yule, kwa saa moja.

Kijana wa miaka kumi na nne hataki chochote. Mwache alale asubuhi moja. Mpe siku moja aipange mwenyewe, pamoja na fedha zake, nanyi mfuate anavyotaka bila kumkosoa.

Mvua siku nzima. Fanyeni ule mstari mmoja mliouandika. Na kama mvua haina radi na kuna joto la kutosha, vueni viatu mkacheze nje.

Mpango wote umevurugika. Chagua jambo moja ambalo kila mtoto alilisubiri sana, mawili matatu kwa jumla, na ufute mengine yote bila kusikitika mbele yao.

Mmerudi na mtoto hajatulia. Rudini siku mbili kabla ya shule kufungua, siyo usiku wa kuamkia. Na kama mlikuwa eneo lenye malaria, mtoto akipata homa hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe mlikokuwa na tarehe mliyoondoka huko.